Mlingoti wa Mwanzi

Hivi karibuni nilinunua gari la kupanda milima, ingawa mlima pekee ninaoupanda siku hizi ni matuta ya barabarani kati ya nyumbani kwangu na chuo ninachofundisha. Wanangu walicheka. Fundi wa Makambako niliyempelekea alikague hakucheka. Alilizunguka kwa heshima, akapiga teke la upole kwenye tairi, akasema, "Mama, gari hili lina upungufu mmoja tu. Halina redio ya upepo, ile ya kuongea na kujibiwa."

Nilimwambia nina simu mbili.

"Simu ni mpaka kuwe na mtandao, mama. Kule Kitulo mtandao unawaachia ng'ombe."

Kabla sijamjibu alikuwa ameshatoa kisanduku cheusi kwenye droo na kukiunganisha kwenye betri. Kikawaka, kikaanza kufoka mshindo wake ule wa mfululizo, na baada ya muda mfupi kikatoa harufu: vumbi la zamani linalopashwa moto ndani ya bati. Nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. Fundi alidhani nimeshtushwa na bei, wakati hata bei hakuwa amenitajia.

Wa rika langu mliokulia upande wetu mtakumbuka kwamba zamani gari halikuwa chombo cha kwenda mahali. Lilikuwa chombo cha kujaribu kwenda. Baba yangu alikuwa bwana shamba aliyeacha kazi ya serikali akanunua Landrova iliyochoka, akawa anafuata viazi Matamba na kuvipeleka Makambako kwenye malori ya safari ndefu. Kijiji chetu kilikuwa juu ya kilima, na kati yetu na mji wa Njombe kulikuwa na bonde lenye udongo mweusi. Siku ya jua ungeweza kusimama uani kwetu ukaiona barabara inavyoshuka bondeni na kupanda ng'ambo. Siku ya ukungu hukuona hata choo. Na siku ya mvua bonde lilishika magari likayang'ang'ania, na dawa yake ilikuwa moja tu, trekta la baba mdogo Shedraki, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwetu.

Shida ilikuwa kumpata baba mdogo ajue kwamba anahitajika. Baba alikuwa akikwama anapanda kilima kwa miguu, anafika nyumbani ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, ndipo trekta liondoke. Mara nyingine alikwama na usiku ukamkuta hukohuko. Mama ndiye aliyechoka kwanza.

"Ukikwama nataka nijue umekwama," alimwambia. "Sitaki kuanza kukuota."

Ndiyo maana tukaenda Makambako kuchagua redio, mimi nikiwa katikati yao kwenye kiti cha mbele. Muuzaji alikuwa Mbena kama sisi, lakini watu walimwita Mzambia kwa sababu alikuwa utingo wa malori ya kwenda huko kwa miaka mingi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, kimejaa redio alizong'oa kwenye malori yaliyokufa.

"Hii inafika wapi?" baba aliuliza, ameshika moja yenye vitufe vingi na taa ya kijani. Alikuwa ameshaipenda. Alikuwa anaishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake akitamani awe wake.

"Inategemea, mzee. Ukiwa mlimani utaongea mpaka ushangae. Ukiwa bondeni, hata na mkeo hapo mtaongea kwa ishara."

"Sisi tunakwama bondeni," mama alisema.

Mzambia akamgeukia mama, na kutoka hapo hakuongea na baba tena. "Nyumbani ni wapi? Juu? Panaliona bonde? Basi mtasikilizana, mama. Ila antena ya nyumbani iwe ndefu, na redio iwe na sikio. Taa achana nazo."

Mama akaamua kuzijaribu. Akamtuma baba nyuma kabisa ya malori na redio moja iliyofungwa kwenye betri iliyobebwa na mkokoteni, yeye akabaki kibandani na nyingine, amefumba macho. Sauti ya baba ikaja kupitia ile yenye taa ya kijani, "Naam, naam, hapa Njombe, ova," wakati yuko Makambako amesimama kwenye dimbwi la oili. Ilisikika kama mtu mwenye uji mdomoni. Kisha mama akawasha nyingine, mbaya, yenye ufa ubavuni, imefungwa kwa mpira wa tyubu. Baba akasema yaleyale.

"Hii," mama alisema, akafumbua macho. "Nimemsikia mpaka anavyovuta kamasi."

Tukanunua mbili za namna hiyo, moja ya gari na moja ya nyumbani. Kibali cha kuzitumia baba alisema anakifuatilia. Alikifuatilia utoto wangu wote.

Kuifunga kwenye gari kulichukua siku nyingi kuliko kuichagua. Mzambia alikuwa amesema antena ikae katikati ya paa. Baba aligoma. "Nitoboe paa kwa mvua za Njombe? Nitakuwa naoga huku naendesha." Akaifunga kwenye bampa ya mbele, ambayo alikuwa ameipaka rangi mpya kwa mkono wake mwenyewe, na redio ikawa haisikii chochote isipokuwa injini yetu. Baba mdogo Shedraki alikuja na tupa, akaangalia, akasema antena haijagusa chuma, imegusa rangi.

"Kwaruza," alisema.

"Hii rangi ina wiki moja."

"Kaka, bampa siyo bibi harusi. Kwaruza."

Baba akakwaruza huku amegeuzia uso pembeni, na redio ikapata uhai.

Ya nyumbani ndiyo iliyoleta maneno. Baba alipata bomba refu la chuma la kusimamishia antena uani. Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni akalitazama limelala kwenye nyasi.

"Linasimama wapi hilo?"

"Hapa, mama. Nyuma ya nyumba."

"Chuma? Juu ya vichwa vya wajukuu zangu?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Baba yako alikuwa na jembe tu," Bibi alisema. "Hata sayansi hakuwa nayo."

Babu aliuawa na radi akiwa shambani kabla sijazaliwa. Kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Ngurumo ikianza, Bibi alifunika kioo cha mama kwa khanga, alitutoa mlangoni, alificha kila kitambaa chekundu, alituzuia kucheka. Tulikaa kimya kama watu tuliojificha na mwindaji yuko nje. Baba alikuwa amesoma chuo cha kilimo cha Uyole na alijua kuhusu mawingu na umeme, lakini nilimwona na yeye akikunja miguu.

Wakakubaliana hivi: mlingoti usiwe wa chuma, uwe wa mwanzi, na shina lake lifungwe kwenye vigingi viwili kwa namna ambayo mtu mmoja angeweza kuulaza na kuusimamisha kwa kamba. Ngurumo ya kwanza ikisikika, Bibi ataushusha. Ikipita, tutaupandisha. Baba aliapa mbele ya mchungaji aliyekuwa amepita kunywa chai. Nimewahi kusoma maelekezo ya mitambo ya namna hiyo baadaye sana, nikiwa mtu mzima mwenye shahada na miwani, nikakuta wataalamu wanashauri jambo lilelile.

Mimi nilikabidhiwa kisanduku. Kilikaa kwenye rafu sebuleni, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kukaa karibu nacho. Baba alinifundisha kubonyeza maiki ndipo niseme, kuachia ndipo nisikie, na kumalizia na "ova". Nilimaliza kila kitu na ova, mpaka sala ya chakula. Nilipouliza mlingoti ni wa nini, alisema ndio unaoitupa sauti yetu ng'ambo. Nikaelewa, kwa akili yangu yote, kwamba mlingoti ni wa kusemea na kisanduku ni cha kusikilizia. Bibi naye alielewa hivyohivyo, na hakuna aliyetuuliza.

Na ule mshindo, ule wa kufoka usiokoma, nilijua pia ni nini. Ulikuwa mvua. Ilikuwa dhahiri: mvua ikinyesha kwenye bati letu ilitoa sauti ileile. Kwa hiyo nilipokuwa nikisikiliza nilikuwa nasikia hali ya hewa ya mahali baba alipo. Ukizidi, kuna mvua kubwa huko. Ukipungua, anga limefunguka. Nilikuwa nawatangazia watu wa nyumbani habari hizo kwa uhakika wa mtaalamu, na kwa kuwa upande wetu mvua hunyesha muda wote, nilipatia mara nyingi.

Mdogo wangu Festo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Aliita redio "baba". Masika ya kwanza ya redio ile alianza kukohoa, na asubuhi moja mbavu zake zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Muuguzi wa zahanati alimtazama mara moja tu, akasema apelekwe mjini hospitali sasa hivi, asisubiri mtu.

Mama alimfunga mgongoni, akaona hapumui vizuri, akamhamishia kifuani. Baba aliwasha gari. Mama alinishika bega.

"Edina, ukae kwenye redio. Usiende kucheza. Baba akisema tumekwama, unakimbia kwa baba mdogo, hata kama unakula. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama. Ova."

"Wewe na ova yako," alisema, lakini hakutabasamu.

Walipoanza kushuka nilimsikia mama kwenye redio akiniuliza kama nimekunywa uji. Nikamwambia nimekunywa. Nyuma ya sauti yake nilisikia Festo akikohoa. Kisha baba akasema barabara ni mbaya lakini inapitika, ova.

Muda mfupi baadaye ngurumo ilitokea upande wa Makete.

Bibi alitoka, akafungua kamba, akaulaza mlingoti kwenye nyasi, akarudi ndani akafunika kioo. Mimi nilikuwa nimeegemea rafu, sikio langu kwenye kisanduku. Na nikasikia kitu cha ajabu: mshindo ulikuwa umeshuka. Ule ufokaji mkubwa wa asubuhi ulikuwa umebaki kama mnong'ono.

"Bibi," nilisema, nimefurahi mno, "mvua imekatika huko kwao."

"Kweli?"

"Sikiliza mwenyewe."

Alikuja, jambo ambalo hakuwa analifanya kukiwa na radi. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Ee Bwana, asante," alisema. "Basi watakuwa wamepita."

Kwetu ilinyesha hadi alasiri. Ngurumo zilipoondoka, nyasi zilikuwa zimelowa na kamba imevimba, na Bibi akasema hakuna haraka ya kupandisha mti mzito, wenyewe wameshafika mjini, wako wodini, mtoto anapewa sindano. Nilikubaliana naye. Redio ilikuwa imetulia kabisa. Tulichemsha viazi tukala, na nilikaa palepale nilipoambiwa nikae, sikusogea hata kwenda chooni bila kumwita Bibi anishikie zamu.

Bondeni, Landrova ilikuwa imezama hadi kwenye ekseli. Haya nilisimuliwa na baba mwenyewe, mara moja tu, nikiwa nimeshaanza kazi, tena tukiwa tunamenya mahindi na hakunitazama. Alisema alibonyeza maiki akaita. Akaita tena. Mama alitaka wateremke watembee. Kutoka pale mpaka barabara kuu ni mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, na kwenye barabara kuu yapo magari. Baba akamwambia asubiri. Alijua mlingoti umeshushwa, alijua sababu, hakukasirika. Akamwambia, "Ngurumo zikipita wataupandisha. Edina yupo pale, hawezi kutoka. Ukitembea na mtoto kwenye mvua hii utamuua." Wakasubiri ngurumo zipite. Zikapita. Akaita. Wakasubiri kidogo.

Giza lilipokaribia, mama alifungua mlango akatoka, na baba akamfuata na blanketi.

Festo alifika hospitali akiwa hai. Wauguzi walimpokea mbio, na daktari hakutoka kando ya kitanda cha mtoto mpaka mwisho. Kulipopambazuka alikuwa amefariki. Daktari aliulizwa kama wangemuwahi mchana ingekuwaje, akasema labda. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutaka kusema uongo kwa upande wowote. Neno hilo wazazi wangu walilibeba kurudi nalo nyumbani pamoja na mtoto.

Wakati wa msiba hakuna aliyemlaumu mtu. Sisi ni Walutheri wa nyanda za juu, huwa hatupigi kelele. Watu waliimba, wakapika, wakasema Bwana alitoa. Bibi alikaa pembeni ya jiko amejifunika shuka, hakuulizwa na hakujieleza. Baada ya watu kutawanyika, baba alisema ataivunja redio. Mama alikuwa anafua nguo za Festo, zilezile zilizokuwa safi.

"Tusingekuwa nayo tungetembea," alisema. Hakuinua sauti. "Asubuhi ileile tungeshuka tukatembea. Lakini usiivunje. Wewe bado unapita pale."

Maisha hayakutusubiri. Viazi vilikuwa vinaoza Matamba na baba akarudi barabarani. Mimi sikurudishwa kwenye rafu. Mama ndiye aliyekaa hapo sasa, amevuta kiti, anamenya, anashona, anasikiliza. Yeye na Bibi waliongea maneno ya lazima tu: chumvi iko wapi, kuku wamefungiwa. Bado alimwita Bibi "mama" kama kawaida, kwa heshima ileile, na heshima hiyo iliogopesha kuliko tusi.

Siku ambayo baba alitazamiwa kurudi, mchana, ngurumo ilianza. Nilimwona Bibi akisita mlangoni, kisha akaenda uani kwenye kamba. Mama aliacha kiti akatoka nyuma yake.

"Usiushushe, mama."

"Inanguruma, mwanangu."

"Nasikia."

"Babu yao..."

"Najua habari za babu yao. Wote tunazijua. Mwanao yuko barabarani, na barabara imelowa. Ukiushusha hatutamsikia." Alikuwa ameshika kamba juu ya mkono wa Bibi. "Nimeshaelewa jinsi kisanduku kinavyofanya kazi. Ukiushusha hatusikii."

Bibi hakuiachia kamba. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa yenye baridi. Nilitarajia amwamuru, maana pale nyumbani hakuna aliyekuwa na mamlaka kuliko yeye. Badala yake alinigeukia mimi.

"Edina. Nenda kwa baba yako mdogo. Ukae huko mpaka iishe."

"Na ninyi?"

"Nenda!"

Nikakimbia. Nilipogeuka niliwaona wote wawili wamekaa chini ya upenu, kamba iko kati yao, mlingoti umesimama juu yao mweupe kwenye anga jeusi, na dirisha la sebuleni limefunguliwa ili wasikie redio. Bibi alikuwa amejiziba masikio kwa viganja na hakuwa ameondoka.

Baba mdogo Shedraki alikuwa anasubiri mvua ipite, amekaa sebuleni kwake na soksi. Aliniuliza nimekimbia nini, nikamwambia mama na Bibi wako uani na mlingoti. Hakuonekana kuelewa. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa, ndipo nikakiona juu ya kabati: kisanduku cheusi, ufa ubavuni, mpira wa tyubu, na waya zake zimekunjwa vizuri kama mtu anavyokunja mshipi anapouweka.

"Hii ni ya gari," nilisema.

"Eh. Baba yako aliiacha hapa alipokuwa anaondoka. Alisema safari hii akikwama hataki kitu cha kumkalisha. Atatembea."

"Sasa mama anamsikiliza nani?"

Baba mdogo alinitazama. Kisha akauliza, "Mlingoti uko juu?" na hakungoja jibu. Alitoka na soksi zake, mvuani, na mimi nyuma yake. Radi ilipiga mahali fulani kwenye misonobari ya ng'ambo na ardhi ikatikisika miguuni kwangu. Alikuwa anapiga kelele kabla hatujafika. "Ushusheni! Ushusheni! Hana redio! Ameiacha kwangu!"

Walikuwa palepale. Khanga ya mama ilikuwa imegandana na mwili. Ilibidi baba mdogo arudie kwa sababu ya mvua, na mara ya pili alisema taratibu, kama anayeomba radhi kwa niaba ya mtu mwingine. Kupitia dirishani redio ilikuwa inafoka kwa nguvu zake zote.

Mama aligeuza kichwa kuitazama. "Kwa hiyo tulikuwa tunamsikiliza nani?" aliuliza.

Bibi alisimama kwanza, magoti yakimsumbua, akashika kamba upande wake. Alisubiri. Baadaye mama naye alishika upande wake, na wakaushusha mlingoti pamoja, polepole sana, kana kwamba kuna mtu amelala chini yake.